Tangi la matumbawe Mombasa: sahau hita, pigana na joto

Ukitafuta mtandaoni jinsi ya kufuga matumbawe nyumbani utapata video kibao, na karibu zote zinakwambia ununue hita. Hita! Mimi nakaa Mombasa bana, mwezi wa Machi kaskazi ikiwa inaishia na upepo umekata, maji ya ndoo yaliyolala tu jikoni yanafika digrii 29 bila mtu kuyagusa, sasa hita niiweke wapi. Wenzetu wa Ulaya na Marekani wanahangaika kupandisha joto, sisi huku tunahangaika kulishusha, na hapo ndipo maelekezo yao mengi yanapokupoteza. Kwa hivyo haya namwandikia mtu wa pwani, awe Mombasa, Tanga, Dar au Unguja, ambaye ameshaamua anataka tangi la maji chumvi.

Kinachonichekesha ni kwamba mtindo wenyewe haukuanzia kwenye baridi. Aliyeutangaza ni Lee Chin Eng wa Jakarta, mwaka 1961 akaandika kwenye jarida moja la Marekani la wafuga samaki kuhusu matangi yake, maji halisi ya bahari, mawe yaliyotoka baharini na vijidudu vyake vyote, mwanga wa jua, na mapovu ya hewa yanayopanda taratibu. Basi, hakuna machujio ya ajabu. Baadaye Wajerumani wakaja na skima, ile mashine inayopiga maji mpaka yatoe povu na povu likabeba uchafu kabla haujaoza, watu wakauita mtindo wa Berlin na wengi wetu ndio tunaufuata mpaka sai: mawe mengi, skima, taa kali. Lakini mzee wa kazi alikuwa mtu wa mji wa bandari wenye jua na unyevu kama wetu, na mimi hunipa moyo hiyo kila nikiona bei ya vifaa.

Sasa kwa nini nalia na joto hivi. Tumbawe ni mnyama, ila ndani ya nyama yake kuna mwani mdogo sana, huwezi kuuona kwa macho, unaotengeneza chakula kwa mwanga na kumgawia mwenyeji wake, tena sehemu kubwa ya chakula chake inatoka huko. Joto likizidi hata digrii moja juu ya kile kiwango cha juu walichozoea, likakaa hivyo wiki kadhaa, tumbawe linautema ule mwani na linabaki jeupe pe. Halijafa bado, lina njaa, na njaa ikiendelea ndio linakufa. Wavuvi wa huku wanaukumbuka mwaka 1998, ile El Niño, miamba ya Kenya na Tanzania ilipauka na sehemu nyingi hazikurudi. Ikiwa Bahari ya Hindi yenyewe ilielemewa, tangi la lita 200 ni nani? Mimi nalenga digrii 25 mpaka 27, na zaidi ya namba yenyewe nalenga isipande na kushuka ovyo ndani ya siku moja.

Silaha ya kwanza ni feni, hata hizi ndogo za kompyuta, ipulize juu ya maji. Maji yakigeuka mvuke yanaondoka na joto, unaweza kupata nafuu ya digrii mbili tatu kwa pesa kidogo sana. Lakini feni ina mambo yake. Hewa ya pwani tayari imeshiba unyevu, kwa hivyo masika ikichanganya feni inapuliza weee na kipimajoto hakitikisiki. Halafu kinachokauka ni maji matupu, chumvi inabaki ndani, kila siku tangi linazidi kukolea chumvi, na mtu asiyejua anaongeza maji ya bahari juu yake, yaani chumvi juu ya chumvi. Unaongeza maji matamu, kila siku, na tangi la ukubwa huo lenye feni linaweza kunywa lita tatu mpaka nne siku ya jua kali. Na ukisema maji matamu usiende bombani moja kwa moja, maji mengi ya mjini ni ya kisima na yenyewe yana chumvi na madini, utapata mwani wa kijani mpaka ujute. Tafuta yaliyopita kwenye mashine ya rivasi osmosisi, ile inayosukuma maji kwenye utando mwembamba na kuacha chumvi nyuma, wale wauza maji ya mitungi wengi wanayo, ila waulize kama wanarudishia madini baada ya kuchuja manake wengine hurudisha ili yapate ladha.

Feni ikishindwa unaingia kwenye chila. Chila ni friji tu, inatoa joto majini na kulimwaga nyuma yake, kwa hivyo ukiiweka chumba kimoja na tangi madirisha yakiwa yamefungwa inapasha chumba, chumba kinapasha tangi, nayo inafanya kazi mpaka ife. Itoe verandani, pitisha mipira ukutani. Taa pia, nunua za LED, zile za zamani za halaidi zilikuwa jiko kabisa juu ya maji.

Halafu stima. Ikikatika, feni na chila na pampu zote zinalala kwa pamoja, na watu wanakimbilia kuweka chupa za barafu wakati samaki wanakufa kwa kukosa hewa. Maji ya moto yanashika oksijeni kidogo kuliko ya baridi, kwa hivyo huku kwetu muda unaobaki nao ni mfupi kuliko wa yule wa Ulaya. Kitu cha kwanza kuwasha ni kinachosukuma maji au kupeleka hewa. Pampu ya hewa ya betri inayojiwasha yenyewe stima ikipotea ni bei rahisi, kuwa nayo kabla hata hujanunua samaki, na ukiweza ongeza inveta ndogo ya kuendesha pampu moja ya mawimbi. Taa ziache, matumbawe yanavumilia giza siku moja mbili bila neno.

Kuhusu maji ya bahari ya bure, ndiyo, nateka, hiyo ni raha ya kukaa pwani na siwezi kuiacha. Lakini siteki kwenye hori zinazozunguka kisiwa wala karibu na kivuko, mafuta na maji taka sitaki. Naenda ufuo wa wazi, bamvua, maji yakiwa yamejaa, na kusiwe kumenyesha siku za karibuni, nachuja kwa kitambaa halafu napima kwa rifraktomita, kile kifaa cha kupima chumvi ya maji. Unataka gramu 35 za chumvi kwa kila kilo ya maji, ambayo kwenye kipimo itasoma 1.025 mpaka 1.026. Wewe wa Nairobi au Dodoma utanunua chumvi ya akwaria ya pakiti, sio ya jikoni tafadhali, hiyo haina kalsiamu wala magnesiamu ya maana.

Ila maji tu! Matumbawe yenyewe usiende kung'oa. Matumbawe magumu yote yako kwenye orodha ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, Kiambatisho cha Pili, na ndani ya hifadhi kama za Malindi na Watamu, ambazo zipo tangu 1968, hata kombe tupu huruhusiwi kuokota. Vyangu ni vipande vilivyokatwa kwenye matangi ya wenzangu, unagundisha juu ya jiwe na vinakua, na vipande vya tangini vimeshazoea maisha ya tangini.

Mambo ya kuanzisha sitayarefusha, yameandikwa kila mahali: mawe, maji, chanzo kidogo cha amonia, subiri wiki nne mpaka sita bakteria waigeuze naitraiti kisha naitreti, na amonia ikisoma sifuri ndio uanze kuwaza samaki. Usiharakishe.

Raha yangu mimi iko kwenye chokaa. Tumbawe linajenga mifupa yake kwa kalsiamu na kabonati linazozitoa majini, kwa hivyo zinaisha na lazima uzirudishe. Nashikilia kalsiamu kama miligramu 420 kwa lita, magnesiamu 1300 na kidogo, alkalini (kipimo cha hiyo kabonati) dKH 8 mpaka 9, na kwa tangi lenye vipande vichache njia rahisi ni maji ya chokaa, kalsiamu haidroksaidi safi iliyokorogwa kwenye yale maji matamu ya kuongezea, unaacha ituame, unadondosha maji maangavu ya juu tone kwa tone usiku. Polepole kweli, manake pH yake ni kama 12 na ukimwaga kwa pupa unaua tangi zima. Wazee waliojenga majumba ya Lamu walichoma matumbawe kupata chokaa, mimi nakoroga chokaa ili matumbawe yajijenge, basi nacheka peke yangu. Usitumie ya mafundi lakini, hujui kimechanganywa nini.

Samaki weka wachache. Wawili wale wa rangi ya chungwa na mistari wanatosha kuanzia, na wote huzaliwa madume, mkubwa wao ndio anageuka jike, kwa hivyo chukua wadogo wawili wataelewana wenyewe. Samaki kipepeo ni mzuri sana ila aina nyingi zinakula matumbawe, mwache baharini. Samaki akiugua usitie dawa yenye shaba ndani ya tangi kuu, inaua kamba, konokono na matumbawe, mtoe umtibu kwenye ndoo pembeni. Na kitu ambacho wauzaji hawakwambii, zile zoantidi za rangi rangi, jamaa laini wa matumbawe wasio na mifupa, baadhi zina sumu kali sana inaitwa palitoksini, usizikate bila glavu na miwani, na jiwe lenye nazo usilichemshe kabisa, kuna familia zimelazwa hospitali kwa mvuke wake.

Kama uko Mombasa na una chila ya mtumba isiyo na kelele niandikie, hii yangu inanguruma mpaka jirani kauliza kama nimenunua posho mill.