Warrington, Mtaa Ulioutoa "Zombie"

Stesheni ya Lime Street, Liverpool, nilizunguka na kikombe kitupu cha chai nikitafuta pipa la taka. Nilichokuta ni mfuko wa nailoni unaoonyesha mpaka ndani, umening'inizwa kwenye pete ya chuma.

"Mapipa waliyatoa, shemeji," akasema mke wa kaka yangu, mwenyeji wa mji ule kwa miaka mingi. "Mabomu."

Na mabomu hayo ndiyo yaliyokuwa yananipeleka mji wa Warrington.

Wimbo wa "Zombie" wa The Cranberries, bendi ya Ireland, niliukuta kwenye kaseti ya kaka, Tanga. Tuliuimba kwa nguvu bila kujua Kiingereza chake. Zombi kwetu ni msukule, basi tukaamini huyo dada anaimba habari za uchawi.

Treni ilitumia kama nusu saa. Kutoka Warrington Central tukatembea hadi Bridge Street, mtaa wa maduka. Jumamosi, tarehe 20 Machi 1993, IRA, kundi la wapiganaji waliotaka kuung'oa utawala wa Uingereza huko Ireland ya Kaskazini, walitega mabomu mawili hapa ndani ya mapipa ya taka. Yalikuwa mapipa ya chuma, na pipa la chuma likilipuka, vipande vyake vinaruka kama risasi. Onyo lilipigwa kwa simu, likataja duka la Boots, lakini polisi walidhani ni lile la Liverpool. Johnathan Ball, miaka mitatu, alifia palepale. Tim Parry, miaka 12, aliukimbia mlipuko wa kwanza akakutana na wa pili. Alifariki siku tano baadaye.

"Huyo mdogo alifuata nini mjini?" shemeji akauliza.

"Kadi ya mama yake. Kesho yake ilikuwa Siku ya Mama."

Hakuuliza tena. Tulisimama kwenye kumbukumbu yao, iliyojengwa kwa maji na kupewa jina la River of Life. Watu walipita na mifuko yao ya manunuzi.

Dolores O'Riordan, mwimbaji wa The Cranberries na binti wa Ballybricken huko Limerick, Ireland, alikuwa na miaka 21, na bendi yake ilikuwa ikizunguka Uingereza kwa maonyesho siku zile. Kilichomchoma ni kwamba watoto wameuawa kwa jina la Waairishi wote, yeye akiwemo, na hakuna aliyemuuliza. Akautunga "Zombie" peke yake kwa gitaa la kawaida. Bendi iliyojulikana kwa sauti laini ikakubali kupiga magitaa ya kukwaruza na ngoma nzito, na mimi naona ndiyo maana wimbo unauma: hasira haibembelezwi. Ulitoka Septemba 1994, wiki chache baada ya IRA kutangaza kusitisha mapigano.

Ndani yake anautaja mwaka 1916, mwaka wa uasi wa Pasaka mjini Dublin dhidi ya utawala wa Waingereza. Hapo ndipo nilipoona kwamba kule Tanga hatukupotea mbali. Msukule hana ugomvi na mtu. Amechukuliwa akili, analimishwa shamba la mwingine usiku, wala hajui mavuno ni ya nani. Anayetega bomu kwenye mtaa wa maduka mwaka 1993, kwa vita alivyorithishwa kichwani tangu 1916, ana tofauti gani naye? Wapo wanaosema Dolores alirahisisha historia ndefu na chungu ya Ireland ya Kaskazini. Wana hoja. Lakini pale Bridge Street, hatua chache kutoka yalipokuwa mapipa yale, mimi niko upande wake.

Alifariki London tarehe 15 Januari 2018, akazikwa kwao Ballybricken. Nikijaliwa, na huko nitafika.

Kwenye treni ya kurudi shemeji aliniomba upande mmoja wa visikizi vyangu. Akasikiliza mpaka mwisho, macho dirishani.

"Rudisha mwanzo," akasema.