Nilidhani ni uchovu tu

Miezi minne nilikuwa nazinduka saa tisa usiku, natazama dari mpaka adhana ya alfajiri. Chakula hakina ladha. Simu ya mama naiacha iite, kisha nalia. Nikasema ni kazi. Shangazi akasema nimerogwa. Dada ndiye aliyenishika mkono hadi kliniki ya afya ya akili, hospitali ya mkoa. Daktari akauliza kama hali hii imezidi wiki 2, kama bado kuna kinachonifurahisha, kama nimewahi kuwaza kufa. Nikajibu ukweli. Akaipa jina: sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Dawa sikuona nafuu yake mpaka wiki ya 4, nusura niziache! Jana nimempigia mama mwenyewe. Tumeongea saa nzima, habari za kuku wake.