Alijuaje

Mama watoto hataki kuniambia alijuaje, na mimi siwezi kuacha kuuliza.

Habari yenyewe ni fupi. Jioni ile tulikuwa Gungu, hapa hapa Kigoma, kufuata sare ya yule wetu wa mwisho kwa fundi cherehani, ambaye kama kawaida yake alikuwa hajaweka vifungo. Tukaambiwa tuzunguke kidogo turudi. Tukazunguka, yeye mbele, mimi nyuma na kidumu cha mawese, mara akasimama mbele ya geti moja jeusi. Akalitazama. Akasema, "Hili lako."

Nikasema, "Langu, nililiunda zamani hilo. Umejuaje?"

"Nimejua tu."

"Nani kakwambia?"

"Nani aje kunipa habari za geti, fundi?"

Akacheka, akaendelea na safari. Basi. Aliponiita fundi nikajua yuko vizuri, maana akikasirika huwa mimi ni baba wa mtoto fulani, na mtoto anachaguliwa kulingana na kosa.

Tangu hapo wiki imepita na mambo yake: mwenye eneo la karakana kapandisha kodi, shemeji kajifungua mapacha Kasulu, na ile mashine yangu ya kuchomelea, ya bluu, mliyozoea kuisoma hapa imeunguza koili. Mimi nimebaki na "nimejua tu".

Kwenye kazi yetu kujulikana kuna pande mbili. Yuko fundi mmoja mjini hapa ambaye kazi yake naitambua nikiwa juu ya bodaboda inayokimbia: mavi ya kuku, yaani madonge ya kuchomelea, kila kiungo, halafu rangi nene juu yake kuficha aibu. Sasa je, na mimi mke wangu ananitambua hivyo hivyo? Mbona hakusema "zuri"? Alisema "lako". Hata Mungu hajui alichomaanisha.

Ijumaa tulikuwa na geti la milango miwili la mteja wa Kibirizi. Kijana wangu, yule tunayemwita Bosi, alishapanga skweapaipu chini akataka kuanza kuchomelea kona moja mpaka imalizike. Nikamzuia. Piga vidoti kona zote nne kwanza, vuta futi kona kwa kona, vipimo viwili vikilingana ndipo ugeuze ukachome kwa zamu, hapa kidogo, pale kidogo. Ukishikilia upande mmoja chuma kinavuta kikipoa, na geti lililovutika hata upande juu yake hulirudishi. Nilimwambia tena vijiti vya kuchomelea avianike juani kabla, mvua hizi zinavitia unyevu na kiungo kinatoka vitundu. Akaniambia, "Leo unaongea sana, mzee." Kweli niliongea sana. Kichwani nilikuwa Gungu.

Nilipitia kila kitu. Maua? Yale nayakunja kwa kalibu niliyorithi kwa aliyenifundisha, na aliowafundisha ni nusu ya mafundi wa Mwanga. Viungo? Nilishavisaga kwa grenda na kupaka rangi. Na rangi yenyewe mwenye nyumba kaibadilisha, mimi nililiacha la kijani.

Nikajikuta nawaza Liemba, meli yetu kongwe ya Ziwa Tanganyika. Meli ile mwili wake umeungwa kwa ribiti, vile vipini vya chuma vya kugonga, si kwa kuchomelea. Imeundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikaletwa kwenye makasha mpaka hapa Kigoma, ikaungwa tena na kushushwa majini 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha isije kutekwa, lakini mashine wakazipaka grisi nzito kwanza, ndiyo maana Waingereza walipoiibua 1924 ilifaa kutengenezwa, na 1927 ikarudi kazini. Ribiti zote zile, na hakuna mtu wa Kigoma anayeweza kusimama akasema hii aligonga babu yangu, ile aligonga jirani yake. Waliogonga walikuwepo, walikula, walilipwa au walidhulumiwa, wakaenda. Mimi geti moja tu la uchochoroni na mtu analitambua gizagiza la magharibi! Hapo ndipo nikaanza kusikia raha kidogo, sikatai.

Jumapili nikapanda Gungu peke yangu. Sababu ninayo: vifungo. Mwenye geti akanikuta nimeinama naangalia bawaba zake. Mtu mrefu, mrefu wa kweli.

"Fundi! Afadhali umekuja mwenyewe. Hili komeo ulilipimaje? Tangu uliweke nainama mimi."

Nikamjibu kitaalamu kwamba komeo la chini mwizi halifikii akipitisha mkono kwa juu. Akatikisa kichwa. Alikubali, au alichoka. Nikashuka nimenuna, kazi ya miaka yote ile mtu anakutunzia lawama.

Jumatatu kwenye geti la Kibirizi nikachukua chaki nikachora pa kuweka komeo, kama ninavyofanya siku zote. Bosi akauliza, "Hapo mbona hutumii futi?" Nikashtuka. Kila kitu napima mara mbili, komeo sijawahi kulipima. Nikavuta futi: sentimita 94.

Geti la kwanza kabisa nililounda ni la kwetu. Wakati ule maji tulikuwa tunateka bombani kwa jirani. Mama watoto alikuwa anarudi na ndoo kichwani, mkono mmoja umeshika ndoo, na geti lazima alifungue kwa ule mwingine bila kuunyanyua na bila kuinama, la sivyo anaoga. Nilimsimamisha pale na ndoo yake, imejaa, akilalamika, nikapiga alama ya chaki usawa wa vidole vyake. Jioni akiwa jikoni nikalipima la kwetu: 93. Hiyo moja naidai bawaba iliyolegea.

Kwa hiyo mji huu umejaa wanaume warefu wanaoinama kwa sababu ya ndoo ya mke wangu. Nilicheka peke yangu mpaka mtoto akaja kuniangalia.

Nikaingia jikoni. Alikuwa anachambua dagaa, wachache, maana mbalamwezi imeng'aa wiki hii na wavuvi wa taa wakikosa giza bei inapaa. Fungu la elfu moja unalibeba kiganjani. Nikakaa kwenye kigoda nikasema, "Ni komeo, eh?"

"Komeo gani?"

"La lile geti la Gungu. Ndilo lililokufanya ujue."

Akanitazama kama mtu anayetazama mgonjwa, dagaa mkononi. Akasema, "Wewe bado uko kwenye hilo geti? Kijumbe umempata?"

Sijampata. Simu yake haipatikani tangu Jumamosi, na mchezo wetu wa kupeana hela, anaoukusanya yeye, wiki hii ni zamu yetu kupokea. Hela ile nilishaipangia koili, na nusu nimeshaiahidi kwenye kodi. Nimepita kwake leo asubuhi kabla ya kufungua karakana, mlango una kufuli. Jirani anasema kaenda msibani Uvinza. Nimeuliza watu wanne wa Uvinza, hakuna anayeujua huo msiba.