Pasaka Wetu

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa wanajumuiya. Kristo amefufuka!

Jumamosi Kuu alasiri, mvua ya masika ilipotuachia kidogo, nilikaa kanisani na wasoma masomo tukifanya mazoezi. Kijana aliyepangiwa somo la pili la Jumapili ya Pasaka alipanda mimbarini, akasoma vizuri tu mpaka alipofika 1 Wakorintho 5, mstari wa 7. Hapo akakwama. Akarudi nyuma, akaanza tena, kisha akasoma kwa sauti ya mtu anayemsahihisha mpiga chapa: "Kwa maana Pasaka yetu..."

"Wetu," nikamwambia.

"Katekista, si wamekosea hapa? Pasaka ni sikukuu. Sikukuu yetu, Pasaka yetu."

"Soma kama ilivyoandikwa. Pasaka wetu amekwisha kutolewa kuwa sadaka, yaani, Kristo."

Akasoma, ila nilimwona hajaridhika. Tulipotoka akanifuata mpaka chini ya mwembe, akatoa simu. Kumbe neno hilo lilikuwa dogo. Kubwa lilikuwa kwenye simu. Kuna ujumbe mrefu, ule unaotufikia kila Kwaresima kama mafua, unaosema Pasaka si ya Wakristo, ni sikukuu ya Ishtar, mungu wa kike wa Babeli, na ndiyo maana Waingereza wanaiita Easter. Mwishoni unaambiwa uwatumie watu kumi. Kijana hakuwa amemtumia mtu, ila usingizi ulikuwa umempungua.

Sikuwa na muda wa kumjibu yote siku ile, moto wa Kesha, ibada ya usiku wa Pasaka, ulikuwa bado haujaandaliwa na kuni zilikuwa zimelowa. Namjibu sasa, katika Oktava hii, siku nane za Pasaka, na nyinyi wengine msome, maana najua ujumbe huo mnao.

Tuanze na jina. Easter ni neno la Kiingereza, na Wajerumani wana ndugu yake, Ostern. Mtawa Mwingereza aitwaye Beda aliandika mwaka 725 kwamba mababu zake waliuita mwezi wa Aprili kwa jina la mungu wao wa kike, Eostre, na sikukuu iliyoangukia mwezi huo ikarithi jina la mwezi. Basi, ni hivyo tu. Huyo si Ishtar. Majina mawili kufanana mdomoni hakuyafanyi kuwa ndugu. Aliyeyaunganisha kwa nguvu ni mchungaji mmoja wa Scotland, Alexander Hislop, katikati ya karne ya 19, na simu zetu zinaendelea kumtangaza bila kumjua.

Sasa sema jina hilo katika lugha nyingine. Mfaransa anasema Pâques, Mwitaliano Pasqua, Mreno Páscoa, Mhabeshi Fasika. Sisi tunasema Pasaka. Wote tumelichota kisima kimoja, Pesaki ya Kiebrania iliyopita katika Kiaramu na Kigiriki. Wakristo walikuwa wanaiadhimisha Pasaka tangu karne ya 2, na tunajua hivyo kwa sababu waligombana juu yake: mnamo mwaka 155 Mtakatifu Polikarpo, askofu wa Smirna, alisafiri mpaka Roma kujadiliana na Papa Aniseti kuhusu siku ya kuiadhimisha. Hawakukubaliana, wakashiriki Ekaristi pamoja, wakaagana kwa amani. (Laiti mabishano ya kamati zetu yangeishia hivyo.) Wakati huo wamisionari wa kuwahubiria Waingereza wa Kent walikuwa hawajafika, walifika mwaka 597. Sikukuu haiwezi kuzaliwa na jina lililokuja baada yake.

Lakini Pasaka maana yake nini hasa? Hapo naomba mnisindikize mpaka Mji Mkongwe wa hapa kwetu Bagamoyo.

Ukipita Mtaa wa India, kuna nyumba ambazo paa limeshaanguka lakini mlango upo. Mbao nzito, misumari ya shaba, na pembeni miimo miwili iliyochongwa kuanzia chini mpaka juu. Kwenye miimo ya baadhi ya milango hiyo kuna mnyororo, pete baada ya pete, umechongwa kwa subira mpaka unaweza kuingiza kidole kati ya pete na pete. Waongoza watalii husema mnyororo ule ulionyesha kuwa mwenye nyumba alifanya biashara ya watumwa. Wengine husema ni kinga tu, wa kuzuia mabaya yasiingie. Mimi siamui. Ila nikisoma Kutoka 12 siwezi kuifikiria milango mingine isipokuwa hii. Waisraeli waliambiwa wachovye tawi la hisopo katika damu ya mwana-kondoo, waipake kwenye miimo miwili na kizingiti cha juu, na Bwana akasema atakapoiona ile damu atapita juu yao. Huko kupita ndiko Pasaka. Usiku mmoja mlango wa mtumwa ulipakwa alama, na asubuhi mtumwa akatoka.

Sasa rudi kwa yule msomaji wangu na sarufi yake. Katika sura hiyohiyo Musa anawaambia wazee wa Israeli wamchinje pasaka. Wamchinje, si waichinje. Pasaka lilikuwa jina la usiku, jina la karamu, na pia jina la yule mwana-kondoo mwenyewe. Mtume Paulo analichukua jina la mwana-kondoo na kumpa Kristo, na Kiswahili kwa ngeli zake kinakuonyesha wazi kinachotokea: ukisema "yetu" umetaja siku, ukisema "wetu" umemtaja mtu. Lugha nyingi haziwezi kufanya hivyo kwa herufi moja. Mwinjili Yohane naye anafuata njia hiyohiyo bila kelele: hukumu inatolewa siku ya Maandalio ya Pasaka, yapata saa sita, sifongo ya siki inapandishwa kwa hisopo, mmea uleule wa milangoni, mfupa wa Bwana hauvunjwi, kama ilivyoagizwa juu ya mwana-kondoo. Ishtar hana mahali pa kukaa hapo.

Na sisi wa Bagamoyo tuna sababu yetu ya kutolisoma somo hili kwa haraka. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika hapa mwaka 1868, na walichokianza mapema kabisa kilikuwa makazi ya watu waliokombolewa utumwani, wengi wao watoto. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa bado wazi. Lilifungwa mwaka 1873. Maana yake misheni hii kwa miaka mitano ya kwanza ilikuwa na watu waliotoka kwenye mnyororo huku ng'ambo ya maji mnyororo unaendelea kuuzwa na kununuliwa. Najiuliza mtu wa namna hiyo aliisikiaje Kutoka 14, Bahari ya Shamu ikigawanyika. Pengine hakuelewa kitu, maana ilisomwa kwa Kilatini, tena Jumamosi asubuhi, jua likiwaka. Kesha lilirudishwa usiku mwaka 1951 kwa majaribio na kuwekwa rasmi mwaka 1955, wakati wa Papa Pius XII. Sisi tunaisoma kwa Kiswahili, gizani, karibu na mshumaa wa Pasaka. Kanisa limeweka masomo saba ya Agano la Kale usiku ule na kuruhusu yapunguzwe, lakini hilo la kuvuka bahari halirukwi kamwe. Kwa hiyo wale walioniomba tulifupishe Kesha kwa sababu ya usafiri, mnisamehe, si ukaidi wangu.

Bahari inanikumbusha jirani yangu, mzee wa Kiislamu aliyevua samaki maisha yake yote. Jumatatu ya Wiki Takatifu nilimkuta anashona nyavu barazani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwaka huu mnakula sikukuu na bamvua tena?"

Nikacheka, nikadhani ananitania. Kumbe mwenzangu ameshaliona kwa miaka na mimi katekista nilikuwa sijawahi kulitazama hivyo. Pasaka hufuata mwezi. Waisraeli walimchinja mwana-kondoo tarehe 14 ya mwezi wa Nisani, na kwa kuwa miezi yao huanza mwezi unapoandama, tarehe 14 ni mwezi mpevu. Mtaguso wa Nisea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 325, ukataka Wakristo wote waadhimishe Jumapili moja, na kanuni iliyoenea ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu unaotokea tarehe 21 Machi au baada yake. Ndiyo maana Pasaka yetu haitangulii 22 Machi wala haivuki 25 Aprili. Hesabu hiyo hufanya mwezi upevuke ndani ya Wiki Takatifu, na mwezi ukipevuka pwani yetu huwa bamvua: maji yanakupwa mpaka mashua zinalala ubavu kwenye matope, halafu yanajaa mpaka yanagusa mizizi ya mikoko. Mwaka huu wa 2026 mwezi mpevu umeangukia Alhamisi Kuu yenyewe, tarehe 2 Aprili. Tulipotoka kuabudu Ekaristi usiku ule, njia ya miembe ilikuwa nyeupe. Ni mwezi wa namna ileile uliokuwa juu ya Gethsemane. Wale waliokwenda na mienge na taa kumkamata Bwana walikuwa na mwanga wa kutosha kumwona bila taa.

Mzee akaniuliza kama nasi tunauangalia mwezi kwa macho kama wao kwa Idi. Nikamwambia hapana, sisi tunaukokotoa. Akatikisa kichwa kwa huruma.

Mayai sasa, nisije nikaambiwa nimeyakwepa. Zamani huko Ulaya mfungo wa Kwaresima ulikataza nyama na mayai pia. Kuku hawajui Kwaresima, wakaendelea kutaga, na ilipofika Pasaka kila nyumba ilikuwa na mayai tele. Wakayapaka rangi, wakayapeleka kubarikiwa. Kitabu cha ibada cha Roma cha mwaka 1614 kina sala ya kuyabariki. Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza alinunua 450 mwaka 1290 kuwagawia watu wa nyumba yake, mengine yakiwa yamepambwa kwa dhahabu. Wakristo wa Mashariki huyapaka rangi nyekundu kwa ajili ya damu ya Kristo. Sungura naye ni wa Wajerumani, ametajwa katika maandishi yao mwaka 1682, na mimi sina neno naye; kwetu sungura ana kazi nyingine, kumlaghai Fisi. Hatukuvirithi hivyo, na sioni haja ya kuviagiza, wala ya kumwogopa mwenye navyo.

Tulichorithi sisi ni nguo. Hakuna mtoto wa Kikristo hapa mjini asiyedai nguo ya Pasaka, na hakuna fundi cherehani asiyesema uongo wiki hiyo. Fundi wangu, nisimtaje, alinihakikishia gauni la binti yangu litakuwa tayari Alhamisi. Tulilipata Jumamosi saa mbili usiku, mkono mmoja ukiwa mrefu kuliko mwenzake, na mama yake akalipinda kwa sindano tukiwa tumeshachelewa kwenye moto. Nilinung'unika njia nzima kwamba haya mambo ya nguo ni ya dunia.

Kisha wabatizwa wakatoka kwenye kisima cha ubatizo, maji yakiwatiririka masikioni, wakavikwa vazi jeupe, nami nikanyamaza. Nguo ya Pasaka ilianzia hapo. Katika Kanisa la kale watu walibatizwa usiku wa Kesha, wakavaa meupe, wakaja nayo kanisani kila siku mpaka Jumapili iliyofuata, walipoyavua. Jumapili hiyo kwa Kilatini iliitwa kwa jina la mavazi meupe. Ndiyo hiihii ambayo tangu mwaka 2000 tunaiita pia Jumapili ya Huruma ya Mungu. Wengine waliobatizwa zamani nao wakaona aibu kusimama na nguo chakavu kando ya wale weupe, wakatafuta jipya la kuvaa. Mkono wa gauni la binti yangu bado umepindwa kwa uzi wa rangi isiyofanana. Anataka kulivaa tena Jumapili, na nimemruhusu.

Jumapili hii ya tarehe 12, wabatizwa wapya wote saba njooni na mavazi yenu meupe, hata kama yameshachafuka kwa pilau. Baada ya Misa jumuiya itakutana kwa mama mwenyekiti kusoma Kutoka 12:1-14 na 1 Wakorintho 5:6-8. Mwenye mkeka wa ziada aje nao.

Waraka huo wa Paulo utasomwa na kijana yuleyule. Jana jioni alinipigia simu, nikadhani ni mambo ya Babeli tena.

"Katekista, kile kipande cha mstari wa 7. Nikifika pale nitulie kidogo kabla ya kusema 'wetu'?"

"Usitulie. Litaje moja kwa moja, kama unavyomtaja mtu wa nyumbani."