Ngazi za Kushukia

Taulo langu lilikuwa limeshatangulia chini. Ndivyo tunavyofanya sisi wachupaji: unajifuta mikono na miguu ukiwa juu kule, maana ukijikunja na ngozi mbichi mikono inateleza kwenye miguu na mzunguko unaharibika. Ukimaliza unalitupa taulo hilo dogo pembeni mwa bwawa, unabaki na mwili wako tu. Nililiona likitua karibu na miguu ya kocha. Nikageuka, nikayapa maji mgongo, nikasogea hadi visigino vikawa hewani na vidole tu ndivyo vilivyobaki kwenye ukingo wa jukwaa.

Nilikuwa na umri wa miaka 24, na miaka 15 kati ya hiyo ilikuwa ya kuchupa. Ilikuwa fainali ya jukwaa la mita 10, raundi ya nne. Wanawake tulikuwa na michupo mitano. Wa nne wangu uliandikwa 207C. Kwa asiyezijua namba zetu, 2 ni kundi la kuruka kinyumenyume, 7 ni nusu saba za mzunguko, yaani mizunguko mitatu na nusu, na C ni kujikunja magoti yakiwa kifuani. Kiwango chake cha ugumu ni 3.3. Kila jaji akinipa 7, nilikuwa napata alama 69.30. Hesabu hiyo niliipiga nikiwa napanda ngazi, na hapohapo ningepaswa kushtuka. Miaka yote ile sikuwahi kupanda na hesabu kichwani. Nilikuwa nikipanda nasikiliza pumzi zangu.

Wiki tatu kabla, mazoezini, nilipotea hewani.

Sijui nilieleze vipi jambo hili likaeleweka kwa mtu ambaye hajawahi kuzunguka namna ile. Toka unaporuka hadi unapogusa maji ni chini ya sekunde mbili, na unayafikia kwa mwendo wa kilomita 50 hivi kwa saa. Ndani ya muda huo hakuna kufikiri. Kuna kuona. Kila mzunguko ukitimia macho yanayanasa maji kwa kufumba na kufumbua, na ndiyo maana hunyunyiziwa maji juu ya bwawa, ili uso wake utikisike na uonekane. Maji, maji, maji, toka. "Toka", yaani jikunjue, ndilo neno alilokuwa akinipigia kelele kocha wangu nilipokuwa najifunza mchupo mpya, na baadaye likahamia kichwani mwangu kwa sauti yake ileile. Siku hiyo niliona maji, nikaona dari, kisha sikujua tena nilichokiona. Nikajikunjua kwa woga, robo ya mzunguko mapema. Nikaangukia mgongo.

Maji ya kutoka mita 10 si maji. Pumzi zote zilinitoka, na nilipotolewa nilikuwa nakohoa nikitema damu kidogo. Mgongo ulivilia damu tangu mabegani hadi kiunoni, na kwa siku kadhaa nililala kifudifudi. Daktari alisema mapafu yako salama. Nikarudi mazoezini. Tulianza upya kwenye trampolini, nikiwa nimefungwa mkanda wa kamba, kisha ubao wa mita 3, kisha jukwaa, na kocha akafungulia hewa itokayo chini ya bwawa ili povu liyalainishe maji. Kwa povu niliweza. Siku tatu mfululizo niliweza. Kwenye mashindano hakuna povu.

Basi nikasimama pale ukingoni. Firimbi ya mwamuzi mkuu ikalia. Nikainua mikono. Nikaitafuta ile sauti ya "toka" kichwani, ikawa haipo. Palikuwa kimya kabisa ndani yangu, kimya ambacho sijawahi kukisikia tena mpaka leo. Niliutazama ukuta wa nyuma ya jukwaa, rangi yake ilikuwa imebanduka mahali padogo, pana umbo kama sikio. Nililitazama lile sikio. Nikashusha mikono. Nikainua tena. Mwamuzi akanionya kwamba muda unakwisha. Vidole vya miguu vilikuwa vimekakamaa hadi vikaanza kufa ganzi, na nikajua, kwa uhakika kuliko nilivyowahi kujua chochote katika mchezo huu, kwamba nikiruka sitajua niko wapi.

Nikapiga hatua mbele, nikauacha ukingo. Nikatikisa kichwa.

Anayekataa kuruka huandikiwa sifuri. Sheria ndiyo hiyo na ni ya haki. Kilichonivunja ni ngazi. Nilikuwa nimezipanda maelfu ya mara, na kuzishuka nilikuwa nimezishuka mara chache mno, tena nikiwa mtoto. Mchupaji hushuka kwa maji. Nilikuta sijui niweke wapi mikono, chuma cha pembeni kilikuwa cha baridi na kimelowa, na nyayo zangu zilizozoea kwenda juu zilikuwa zinapapasa kila kidato kama za mtu aliye gizani. Ukumbi wote ulikaa kimya. Watu wale walikuwa waungwana, hakuna aliyezomea. Niliwatupia macho majaji saba, na wote saba walikuwa wameinamia makaratasi yao. Walinisitiri, naamini hivyo. Lakini nilitamani mmoja wao aniangalie.

Kocha alikuwa amesimama kwenye kidato cha mwisho chini na taulo langu mkononi. Sikuweza kumtazama. Alinishika viganja, akaanza kunifuta vifundo vya mikono, taratibu, kimoja baada ya kingine, juu ya bandeji, wakati mimi nilikuwa mkavu. "Umefika chini, mwanangu," alisema. Hakuongeza neno.

Sikushindana tena kwenye jukwaa baada ya siku hiyo.

Waliokuja kunipa moyo walikuja na habari ya Greg Louganis, mchupaji wa Marekani, na wala siwalaumu. Kila mchupaji ameisikia. Kwenye Olimpiki ya Seoul, mwaka 1988, alijigonga kichwa kwenye ubao wa mita 3, akashonwa, akarudi kuruka siku hiyohiyo, na mwishowe akaondoka na dhahabu ya ubao na ya jukwaa pia. "Rudi kama yeye," waliniambia. Lakini mwaka 1995 mwenyewe aliutangazia ulimwengu kwamba wakati ule alikuwa anaishi na virusi vya UKIMWI na alikuwa akijua, na kwamba ile damu ilimtia hofu kubwa. Nampenda mtu yule kwa moyo wote. Ila hadithi yake tuliyolishwa tukiwa watoto ilikuwa nusu, na nusu tuliyonyimwa ndiyo niliyokuwa naihitaji kwenye zile ngazi.

Miaka iliyofuata nilifundisha watoto kwenye ubao wa mita 1. Vifundo vya mikono vinaniuma hadi sasa, maana mikono ndiyo inayoyapasua maji: viganja bapa, kimoja kimekamata kingine, na ukipatia unasikia sauti ya kitambaa kinachochanwa. Sauti hiyo bado inanisisimua kila nikiisikia. Mwaka 2021, Simone Biles, mwanajimnastiki wa Marekani, alipojiondoa kwenye fainali ya Olimpiki kule Tokyo na kusema amepoteza mwelekeo hewani, kocha wangu alinipigia simu usiku. "Umeona?" "Nimeona, kocha." Tukakaa kwenye simu muda mrefu bila kusema.

Kisha nikasomea ujaji. Katika moja ya mashindano ya vijana niliyoketi kwenye kiti cha tatu, mvulana mmoja alisimama juu ya jukwaa, akainua mikono, akaishusha. Nilijua kabla hajageuka. Mwamuzi akatangaza sifuri, na pande zangu zote mbili nikasikia wenzangu wakipekua karatasi zao.

Niliweka kalamu chini, nikainua uso. Nilimtazama kidato kwa kidato, mkono wake wa kushoto ukitafuta chuma, mpaka nyayo zote mbili zikagusa sakafu. Hapo akageuza shingo kuelekea meza yetu. Nilikuwa bado namtazama.