2147483647, namba iliyonikalia kichwani wiki nzima

Juzi nilikuwa naingiza wanachama wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa kwenye databesi, watu 43, kila mtu na namba yake ya simu. Namaliza, nafungua listi, nakuta wote 43 wana namba moja, 2147483647, mwenyekiti, mweka hazina, mpaka mimi. Kumbe kolamu niliweka ya namba nzima ya biti 32, yaani nafasi 32 za 0 au 1, moja ikiwa ya alama ya chanya au hasi, na simu inayoanza na 255 ina tarakimu 12, haienei, basi databesi ikajaza namba kubwa kuliko zote inayoweza kuibeba. Nikaibadilisha kolamu iwe ya maandishi, yakaisha.

Ila namba yenyewe ikanishika. Ni 2 kwa kipeo cha 31 halafu toa 1, na ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na yenyewe. Na si kila kipeo tasa kinakupa tasa, chukua 11, unapata 2047 ambayo ni 23 mara 89, imekufa hapo hapo. Zinazopona zinaitwa tasa za Mersenne, na hii yetu ni ya 8.

Aliyethibitisha kwamba ni tasa ni mwanahisabati Leonhard Euler, mwaka 1772, yuko St. Petersburg na macho karibu yameisha kabisa. Hebu fikiria, kipeuo chake cha pili ni 46340 na kidogo, kwahiyo ungejaribu kugawanya kwa kila tasa iliyo chini ya hapo, maelfu kabisa. Euler akaonyesha kwamba kigawo chochote cha hii namba, ukikigawanya kwa 248, lazima kibakize 1 au 63. Nyingi zinaanguka bila kuguswa! Ya kwanza kujaribu inakuwa 311, nimeifanya kwa kalamu usiku, inaingia mara 6905092 inabaki 35. Inayofuata ni 1303, inabaki 226. Hapo nikaweka kalamu chini, maana yeye alizimaliza zote na hakuna hata moja iliyoingia.

Halafu sisi tunaiita tasa, kama mtu asiyezaa, wakati hii imezaa. Izidishe kwa 2 kwa kipeo cha 30 unapata 2305843008139952128, namba kamilifu, ukijumlisha vigawo vyake vyote isipokuwa yenyewe unarudi pale pale, kama 6 ambayo ni 1 na 2 na 3. Kanuni hiyo ni ya Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, ya zamani sana, na mimi kila nikiirudia nafurahi upya.

Kompyuta nyingi za zamani zinahesabu muda kwa sekunde tangu mwanzo wa 1970 kwa biti hizo hizo 32. Zitafika 2147483647 Jumanne tarehe 19 Januari 2038, kwa saa zetu Afrika Mashariki saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi, na sekunde inayofuata hesabu inarukia upande wa hasi, kwahiyo kompyuta ambayo haijarekebishwa itadhani ni Desemba 1901. Nimeshaiweka kwenye kalenda ya simu.