Jinsi chama chetu kilivyotembea Ndakaini

Mtaani kwetu Embakasi, Nairobi, maji ya mfereji huja kwa siku zake, na siku nyingine zote tunanunua. Kwa hiyo kwenye mikutano ya chama chetu cha akina mama habari za maji haziishi: mkokoteni unauza mtungi pesa ngapi leo, boza limeingia ploti gani, nani ana tangi limebaki na kitu. Nilipopendekeza kwamba mwaka huu, badala ya kwenda kula hotelini, twende Ndakaini tukalione lenyewe lile bwawa linaloipa Nairobi maji na kutembea kando yake, hakuna aliyepinga. Ugumu ulikuwa kwingine. Sisi ni watu wa kila umri, kuanzia wasichana waliomaliza chuo juzi hadi shosho wetu aliyepita miaka 70, na shosho ndiye aliyekuwa wa kwanza kulipa nauli.

Kuzunguka bwawa lote haikuwezekana. Kumekuwa na mbio za kilomita 21 za kulizunguka, na hata wakimbiaji huviheshimu vilima vya huko. Wiki chache kabla ya safari nilienda na mdogo wangu kutafuta njia fupi zaidi. Nilitaka mzunguko, si kwenda na kurudi njia ile ile. Mtu aliyechoka akijua kwamba mteremko anaoushuka sasa ndio mlima atakaoupanda baadaye, moyo humvunjika mapema. Kwenye mzunguko kila hatua inakupeleka nyumbani.

Mzee mmoja mwenye shamba la chai ndiye aliyetuonyesha. Unaanzia madukani, unapanda kijia cha wachumaji katikati ya majani chai, unafuata mgongo wa kilima huku maji yakiwa chini upande wa kulia, kisha unateremka polepole hadi barabara ya vumbi na kurudi kando ya bwawa, safari hii maji yakiwa kushoto. Ni kama kilomita 5 hivi. Tulimwomba ruhusa ya kupita shambani kwake na kwa majirani zake, naye akaahidi kuwa nasi siku hiyo. Walinzi wa bwawa nao tuliwaona mapema, maana hilo ni eneo linalolindwa na si vizuri kundi la watu kutokea tu ghafla.

Kuna mtu aliniuliza kwa nini tuanze na mlima. Sababu ni magoti. Wenye magoti mabaya watakwambia kwamba kupanda kunachosha pumzi, lakini kushuka ndiko kunakouma. Kwa hiyo nilipanga sehemu yenye mwinuko mkali iwe ya kupanda, asubuhi, miguu ikiwa bado na nguvu, na kushuka kuwe kwenye mteremko mpole. Tungeizunguka njia hiyo hiyo kinyume, nina hakika wengine wangekwama kwenye kile kijia.

Msimu pia tuliufikiria. Udongo wa huko ni mwekundu, na mvua za Machi hadi Mei zikiunyeshea unateleza vibaya sana. Julai kuna ukungu na baridi kali, unaweza kusimama juu ya kilima usione hata tone la bwawa. Tukachagua Februari, kukiwa kukavu.

Tulikodi matatu mbili za viti 14 na kuondoka saa kumi na mbili asubuhi. Kutoka mjini ni kama kilomita 80, kupitia Thika, na kuanzia hapo barabara inapanda tu hadi kwenye chai. Kila mtu alikuwa na viatu vya raba, maji ya kunywa, leso na fimbo kwa aliyetaka. Chakula tulikiacha kwenye gari na dereva: chapati, mayai ya kuchemsha, nduma, na chai ya maziwa kwenye thamosi.

Kabla hatujaanza nilisema jambo moja, nalo ndilo lililotusaidia kuliko yote: shosho atatangulia na hakuna ruhusa ya kumpita. Kwenye matembezi mengi wenye nguvu hukimbilia mbele, wakifika hupumzika wakiwangoja wengine, na wale wa nyuma wanapowafikia tu, wao huinuka na kuondoka. Kwa hiyo aliyechoka zaidi ndiye asiyepumzika kabisa. Nililiona hilo likiwatesa watu kwenye vilima vya Ngong na sikutaka limpate mama yeyote wa chama chetu. Nyuma kabisa nilimweka mweka hazina wetu, mtu wa subira, ili asiachwe mtu.

"Mimi nitaenda kwa mwendo wangu," shosho alituambia. "Mkiona ninasimama, simameni. Msiniulize kama nimechoka."

Hatukumuuliza. Alipanda hatua fupi fupi, fimbo mkono wa kulia, akisimama kila alipofikia mkaratusi wenye kivuli. Pale mwanzoni wasichana walikuwa wakipiga stori kwa sauti. Baada ya muda nao wakanyamaza na kuhema. Embakasi iko kama mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na Ndakaini iko juu ya mita 2,000. Hewa ya huko ni nyepesi na mwili usioizoea unaihisi kifuani. Wachumaji waliokuwa shambani na vikapu mgongoni walitusalimia kwa Kikuyu, na shosho akajibu kwa niaba yetu sote bila kusimama.

Juu mgongoni mwa kilima njia ikawa tambarare, na bwawa lote likajitokeza. Nimekuwa nikisikia jina Ndakaini tangu nianze kulipa kodi ya nyumba, kila mara kwenye habari za mgao wa maji, lakini kuliona ni kitu kingine. Maji yanaingia kila bonde, yanajikunja nyuma ya vilima vya chai, na kwa mbali ni milima ya Nyandarua ambako yanatoka. Mto Thika, Githika na Kayuyu yote inamwaga hapo. Bwawa lilikamilika 1994, na likijaa hubeba mita za ujazo milioni 70.

Mmoja wa wasichana wetu, mwenye duka la M-Pesa na hesabu za haraka, alitoa simu akapiga hesabu kwa lugha tunayoielewa sisi. Mita moja ya ujazo ni mitungi 50 ya lita 20. Kwa hiyo bwawa lililojaa ni mitungi bilioni 3.5. Akina mama walimfanya airudie. Mmoja akauliza, kwa uchungu kabisa, kama yote haya yako hapa, kwa nini mfereji wangu umekauka tangu Jumatatu?

Nilijibu ninachokijua. Bwawa hili ndilo linaloipa Nairobi sehemu kubwa ya maji yake. Yanapita kwenye mahandaki hadi kituo cha kusafishia cha Ng'ethu, na kutoka huko hushuka kwa mteremko kwenye mabomba hadi matangi ya Gigiri. Mji umekua haraka kuliko mabomba hayo. Mvua zikikosekana, hata bwawa lenyewe hutishika: mapema 2017 zaidi ya nusu yake ilikuwa tupu, na mgao wa Januari mwaka ule tunaukumbuka wote. Tangu 2022 kuna handaki la karibu kilomita 12 linaloleta maji zaidi kutoka mito ya Maragua, Gikigie na Irati. Ukingoni tuliona mstari mwekundu wa udongo mtupu ukilizunguka bwawa, alama ya mahali maji yalipofika mvua za mwisho. Nadhani kila mkazi wa Nairobi angefaa kuuona mstari ule walau mara moja.

Mwenyeji wetu, yule mzee wa shamba la chai, alikuwa amekaa kando akisikiliza. Akasema kwamba hata hapo kuna nyumba zinazochota maji mtoni kwa mtungi huku zikilitazama bwawa. Hakusema kwa hasira, lakini akina mama walinyamaza. Shosho akamwomba atuonyeshe wanakochota, naye akatuonyesha kwa kidole bonde lenye kijia kirefu chenye mwinuko mkali kuliko ule tulioupanda. Watu wa Embakasi tunajua uzito wa mtungi, na pale tulielewana naye bila maneno mengi.

Kuteremka kulikwenda vizuri. Tuliweka nafasi kati ya mtu na mtu, wenye magoti wakishuka kwa kukata mteremko upande upande badala ya kuelekea moja kwa moja chini. Kwenye barabara ya bwawa tulikubaliana kutokaribia ukingo. Kina ni kirefu na udongo wa kando ni wa kuteleza. Wengi wetu tulitarajia kuona ukuta mkubwa wa zege. La, ni tuta la udongo na mawe, lenye kimo cha zaidi ya mita 60, na nyasi zimeota juu yake, kiasi kwamba ukilitazama kutoka chini unaweza kudhani ni kilima kingine.

Tulifika madukani baada ya mwendo wa saa mbili na nusu hivi, watu wote, hakuna aliyebebwa wala kurudishwa na bodaboda. Chapati ziliisha upesi. Tulinunua parachichi na nduma za hapo, na wengine majani chai ya kupelekea majirani. Mwenyeji alikataa malipo, kwa hiyo chama kilimnunulia mke wake sukari na unga.

Wenzetu wawili hawakuja: mmoja ana mimba kubwa, mwingine ametoka kufanyiwa upasuaji wa goti. Kwa ajili yao tumepanga msitu wa Karura, ambako njia ni pana, kuna kivuli muda wote, na mtu akichoka lango si mbali. Shosho amesema atatangulia tena, na mweka hazina ameshaanza kukusanya.